Ndege za Mafunzo za Chekoslovakia: Maswali Yanayoulizwa Sana Kuhusu Historia na Rangi Zake

Kila nikitupia mtandaoni picha ya Delfín au Albatros, zile jeti mbili za kufundishia, naulizwa maswali yaleyale, mengine mara kumi kwa wiki, kwa hiyo nimeyakusanya hapa yote. Ukiona nimekuelekeza kwenye swali lingine usikasirike, sipendi tu kurudia kitu kilekile. Mimi ni mtu wa kuunganisha modeli za ndege za plastiki, kwa hiyo kwenye rangi nitaongea sana na kwenye mizinga na mabomu nitapita haraka.

## MAMBO YA MWANZO

1. Chekoslovakia ilikuwa nchi ndogo, iliwezaje kutengeneza ndege za kufundishia nusu ya dunia?

Viwanda walikuwa navyo tangu kabla ya vita. Walter walikuwa wanatengeneza injini, Zlín ndege ndogo, Aero na Avia na Letov ndege za jeshi. Mwaka 1935 Zlín walitoa Zlín XII, kandege kadogo ka watu wawili ambako klabu za urubani zilikapenda. Kwa hiyo vita ilipoisha mafundi walikuwepo tayari, hawakuanzia sifuri.

Halafu siasa ikaongeza. Nchi za upande wa Urusi zilitaka jeti moja ya kufundishia kwa wote, na Wacheki ndio waliopata hiyo kazi (soma swali la 8). Ukishapata mteja kama Umoja wa Kisovieti anayechukua ndege elfu mbili na ushee, tena mara mbili mfululizo, hapo udogo wa nchi hauna maana tena.

2. Nikitaka kujua chache tu, nianze na zipi?

Nne zinatosha. Zlín Trener ya propela, C-11 ya propela yenye nguvu zaidi, L-29 Delfín ambayo ni jeti ya kwanza, na L-39 Albatros ambayo ndiyo unaiona mpaka leo kwenye maonyesho. Delfín ni pomboo, Albatros ni yule ndege wa baharini, Trener ni kocha, majina hayana ushairi mwingi.

3. Mbona ndege moja ina majina matatu? Z-26, C-5, Trener, nichukue lipi?

Yote sahihi. Kiwanda kiliita Z-26, jeshi likaita C-5, watu wakaita Trener. Jeshi lao lilikuwa na utaratibu wake: C ni cvičný, yani ya mafunzo, S ni ya kivita, na CS ni ya mafunzo ya kivita. Ndiyo maana MiG-15 waliyoitengeneza kwa leseni iliitwa S-102 na ile ya viti viwili ikaitwa CS-102. Ukielewa hilo, majina kama C-104, C-106 na C-105 hayakupi shida tena, ukiona C tu jua kuna mwanafunzi ndani.

## ZA PROPELA

4. Ni kweli walianza na ndege za Wajerumani?

Kweli kabisa. Wakati wa vita viwanda vyao vililazimishwa kuwatengenezea Wajerumani, na Wajerumani walipoondoka mitambo, michoro na vipuri vikabaki palepale. Ungekuwa wewe ungevitupa? Wakaendelea. Bücker 131 yenye mabawa ya ghorofa mbili ikawa C-104 na kufungwa injini ya Walter Minor, Bücker 181 ikawa C-6 na C-106, Arado 96 ikawa C-2.

Hiyo Bücker 181 ilisafiri mbali. Misri walichukua leseni yake kupitia Wacheki wakaitengeneza wenyewe Heliopolis miaka ya 50 kwa jina la Gomhouria, yani Jamhuri. Kwa hiyo ukiona ndege inayofanana na Bücker lakini ina maandishi ya Kiarabu, hujachanganyikiwa.

5. Trener ina nini cha ajabu mpaka watu wa sarakasi waipende hivyo?

Ilitengenezwa ngumu kwa ajili ya wanafunzi, na kumbe ugumu huohuo ndio mtu wa sarakasi anautafuta. Ya kwanza, Z-26, iliruka Oktoba 1947, mchoraji wake Karel Tomáš, injini ya farasi 105, mwili wa mabomba ya chuma na mabawa ya mbao. Z-126 ikaja na mabawa ya chuma, Z-226 ikaongezewa injini ya silinda sita ya farasi 160, Z-326 ikaanza kukunja matairi, halafu Z-526 miaka ya 60.

Mwaka 1960 mashindano ya kwanza ya dunia ya sarakasi za angani yalifanyika Bratislava, akashinda mwenyeji Ladislav Bezák kwa Trener. 1962 Budapest akashinda József Tóth wa Hungaria, naye yuko kwenye Trener. 1964 Bilbao akashinda Tomás Castaño wa Uhispania, tena Trener! Yani kwa miaka kadhaa swali halikuwa ndege gani itashinda, swali lilikuwa ni nani ameikalia.

Bezák ndiye anayetajwa na lomcovák, ule mtindo ambao ndege inabiringika mkia juu pua chini kama imekatika kamba, ukiiona mara ya kwanza unadhani rubani kazimia. Huyuhuyu Bezák Desemba 1971 alipakia mke na watoto wanne kwenye Trener akavuka mpaka hadi Ujerumani Magharibi. Ndege ya watu wawili, jamani, wamepanda sita.

6. Ile stori ya bawa kukatika na rubani akatua salama, ni chai?

Sio chai. Ni Juni 3, 1970, uwanja wa Hullavington Uingereza, rubani Neil Williams yuko kwenye Zlín 526 anafanya mazoezi ya mashindano ya dunia. Akavuta ndege, ukasikika mlio, bawa la kushoto likaanza kukunjika kwenda juu. Kiungo cha chini kinachoshika bawa kilikuwa kimechoka na kimekatika.

Akakumbuka kisa cha rubani wa Bulgaria aliyewahi kupatwa na kitu kama hicho kwenye Zlín. Akaigeuza ndege chali, na ukiruka chali uzito unasukuma bawa upande wa pili, kwa hiyo likarudi mahali pake kwa kishindo. Alikuwa ameshafunga mafuta akijua anaenda kuanguka, injini ikazima, akafungua tena ikawaka. Akaja kutua ileile chali, kichwa kinaangalia nyasi, akageuza sekunde ya mwisho kabisa, ndege ikabamiza chini na bawa likakunjika, yeye akatoka anatembea.

Naulizwa kama hii inamaanisha Trener ni mbovu. Hapana. Inamaanisha chuma kinachovutwa na kuachiwa maelfu ya mara kinachoka, na sarakasi ni kuvuta na kuachia tu asubuhi mpaka jioni.

7. C-11 ni nini, na mbona nyingi zilitokea jangwani?

C-11 ni Yak-11 ya Kirusi iliyotengenezwa kwa leseni na kiwanda cha Let pale Kunovice, zaidi ya 700. Pua nene, injini ya duara, inafundisha mtu kuzoea ndege yenye nguvu. Misri walinunua nyingi, na zilipochoka zikalazwa juani miaka na miaka. Miaka ya 80 Mfaransa Jean Salis akaenda akaziokota kama 40 hivi, zikasambaa Ulaya na Marekani kutengenezwa upya.

Baadhi zikaishia kwenye mashindano ya mbio Reno, Nevada, zimefungwa injini kubwa mpaka hazitambuliki. Maarufu kuliko zote inaitwa Czech Mate, ambayo chini ya yote hayo ni ndege ya kufundishia iliyozeeka.

## ZA JETI

8. L-29 ilishindaje zile za Urusi na Poland?

Prototaipu iliruka Aprili 5, 1959, Rudolf Duchoň ndiye rubani, injini ilikuwa Viper ya Waingereza kwa sababu yao ya M-701 ilikuwa bado. Mwaka 1961 ikapelekwa Monino karibu na Moscow kushindanishwa na Yak-30 ya Urusi na TS-11 Iskra ya Poland, ikapita. Wapoland wakanuna, wakaendelea na Iskra yao, na kiukweli Iskra ni ndege nzuri tu. Wengine wote walichukua Delfín.

Kilichoibeba sio mwendo. Ilikuwa rahisi, ngumu, na iliweza kutua kwenye majani na kwenye mchanga. Kuanzia 1963 hadi 1974 zilitengenezwa zaidi ya 3,600, na zaidi ya 2,000 zikaenda Umoja wa Kisovieti. Wengi walioiendesha wanasema inasamehe makosa ila ni mvivu kupanda, na ni kweli, injini ina nguvu ya kilo 890 hivi tu na ndege ikijaa inafika tani tatu na ushee.

9. Nitatofautishaje L-29 na L-39 kwenye picha?

Angalia mkia kwanza. L-29 ina mkia wa herufi T, kile kibawa cha nyuma kimekaa juu kabisa, na hewa ya injini inaingilia kwenye shina la bawa. Imekaa chini chini, miguu mifupi, kama bata. L-39 ina pua ndefu iliyochongoka, hewa inaingilia kwenye mabega nyuma ya marubani, na ncha za mabawa zina matangi ambayo hayatoki. Mwalimu wa nyuma kakaa juu kidogo ili aone mbele, hilo ukishaliona mara moja hulisahau.

10. L-39 inawashwaje? Nasikia ina injini mbili?

Inayorusha ni moja, AI-25TL. Ya pili ni kainjini kadogo kanaitwa Safír, kazi yake ni kutoa hewa ya kuizungushia ile kubwa. Rubani anabonyeza kitufe cha kwanza, Safír inaanza kulia, mlio mwembamba kama mbu aliyeingia kwenye spika. Inangojewa ikae sawa, kitufe cha pili, ile kubwa inaanza kuzunguka polepole, halafu mkono unasogeza mafuta na mlio mzito unameza ule mwembamba. Watoto kwenye maonyesho wanaziba masikio mapema mno, wakati bado ni Safír tu.

11. Herufi za mwisho, C, ZO, ZA, V, ni za nini?

C ni ya mafunzo ya kawaida na ndiyo nyingi, kati ya jumla ya kama 2,900. V ilikuwa inaburuta shabaha za kulengwa mazoezini. ZO iliongezewa sehemu za kubebea silaha. ZA ina na mzinga chini ya tumbo. Usiamini herufi iliyoandikwa kwenye tangazo la kuuza, angalia bamba la kiwanda (swali la 18).

12. Zimewahi kufika huku kwetu Afrika Mashariki?

Uganda ndiyo jibu fupi. Walikuwa na L-29 tangu serikali ya kwanza ya Obote na zikaendelea enzi za Amin, baadaye wakaja kuwa na L-39. Ethiopia nao walinunua L-39. Mbali kidogo, Nigeria walitumia L-29 kwenye vita ya Biafra kisha wakanunua L-39ZA, na Misri waliziingiza L-29 vitani mwaka 1973, ndege ya mwanafunzi imebebeshwa roketi.

## RANGI

13. Kwa nini L-29 karibu zote ni za fedha?

Kwa sababu hazikuwa na adui wa kumkwepa. Ndege ya mafunzo inatakiwa ionekane, na alumini tupu au iliyopulizwa silva inaonyesha ufa na mafuta yanayovuja haraka kuliko rangi ya giza. Ni nafuu pia.

Sasa wenzangu wa modeli sikilizeni. Fedha ya Delfín haifanani mwili mzima. Pale mkia karibu na tundu la moshi imeungua, inakuwa kahawia ikielekea bluu, na vifuniko vinavyofunguliwa kila siku vimefubaa kwa mikono ya mafundi. Delfín yangu ya kwanza niliipulizia silva ya kopo kutoka duka la vifaa vya ujenzi, ile ya kupaka mageti, nikaiacha ikauke, kuamka asubuhi plastiki imechanika chanika kama matope ya kiangazi. Thina ya mle ni kali, inakula plastiki. Tangu hapo praima nyeusi inayong'aa kwanza, halafu silva ya modeli kwa tabaka nyembamba.

14. Ile duara ya rangi tatu ya jeshi la Chekoslovakia inabandikwaje?

Ni duara iliyokatwa vipande vitatu sawa kama keki, bluu, nyeupe, nyekundu, rangi za bendera. Kosa ninaloliona kila siku ni mtu kubandika stika kama ilivyokuja kwenye karatasi bila kuangalia kipande kipi kinaelekea wapi. Weka picha ya ndege yenyewe mbele yako, picha ya upande wa kushoto kwa ajili ya kushoto, na ya kulia kwa ajili ya kulia.

Nchi ilipogawanyika Januari 1993 Wacheki wakabaki na hiyo duara, Waslovakia wakachukua ngao yenye msalaba wa mikono miwili. Ndege ziligawanywa mbili kwa moja, kwa hiyo kuna Albatros zilizolala na duara zikaamka na ngao.

15. Zile tarakimu nne nyeusi za ubavuni zinamaanisha nini?

Kawaida zinatokana na namba ya kiwanda, kwa hiyo ndege inabaki nazo maisha yake yote hata ikihama kikosi. Ni zawadi kwetu. Utaratibu huu ulianza mwishoni mwa miaka ya 50, kabla ya hapo zilikuwa herufi mbili na namba mbili za kikosi, zinabadilika ndege ikihama. Ukiona C-105 ya mwaka 1955 imeandikwa tarakimu nne, aliyeipaka hakusoma. Ndege za klabu ni habari nyingine, zina usajili unaoanza na OK.

16. Mabaka ya L-39 yalikuwaje?

Za Chekoslovakia nyingi zilikuwa kijani na kahawia juu, bluu hafifu chini. Za Ujerumani Mashariki kule Bautzen, zile L-39ZO, nazo za kijani na kahawia, ila ukiweka picha mbili pembeni utaona ruwaza haifanani. Usichanganye. Na kijani kinachokaa juani miaka kumi kinageuka karibu kijivu, kwa hiyo wawili wanaobishana "kijani ni hiki" wanaweza wote kuwa sahihi, mmoja ana picha ya 1978 mwingine ya 1990.

17. Trener nipake rangi gani?

Hapa una uhuru. Baada ya 1951 klabu zote ziliwekwa chini ya Svazarm, shirika la kusaidiana na jeshi, na kwenye picha za zamani utakutana sana na krimu au nyeupe yenye mstari mwekundu kutoka pua hadi mkia, na herufi za OK kubwa ubavuni. Ila Trener zilizouzwa nje zilipakwa kila namna. Chagua ndege moja yenye picha, uipake hiyo, usipake "Trener ya jumla".

18. Nimeona Albatros Marekani ina nyota nyekundu, ni ya Urusi kweli?

Inawezekana, lakini nyota haithibitishi kitu. Baada ya Umoja wa Kisovieti kuvunjika L-39 ziliuzwa kwa wingi kwa watu binafsi, na mwenye ndege anapaka anachotaka. Nyota nyekundu inavutia watu kwenye maonyesho, basi. Wengine wanapaka rangi za jeshi la majini la Marekani, ambalo halikuwahi kufundishia wanafunzi wake kwa Albatros.

Kinachosema ukweli ni bamba la kiwanda na namba zake, na wakati mwingine maandishi madogo ya mafundi yaliyobaki chini ya rangi mpya. Ukiinama kwenye mlango wa tairi ukakuta Kirusi, au Kicheki, unaanza kupata picha ilikolelewa. Pembetatu nyekundu ya onyo la kiti cha kurusha rubani isikupe jibu, hiyo ipo kwenye zote.

Timu za maonyesho nazo zinachanganya watu. Biele Albatrosy wa Košice, walioanza 1991 na kuvunjwa 2004, walikuwa weupe kama jina lao. Breitling Jet Team wa Dijon walikuwa na L-39 saba za rangi za kampuni ya saa. Modeli ya timu ni halali kabisa, ila usiandike chini yake "ndege ya mafunzo, 1980".

19. Nikinunua rangi nitumie namba zipi?

Wacheki walikuwa na kiwango chao cha rangi, ČSN, chenye namba za tarakimu nne: 1000 ni nyeupe, 1999 ni nyeusi, na nyingine zote katikati na mbele ya hapo. Ukikuta maelekezo yanataja namba hizo usizitafute kwenye kadi ya Wajerumani au Wamarekani, tafuta rangi inayokaribiana kwa macho. Maboksi ya modeli ya KP, kampuni ya Kicheki kutoka Prostějov, ni mazuri kuanzia, L-29 na L-39 zote wanazo, ingawa ya zamani inahitaji msasa mwingi na subira zaidi ya msasa.

## MASWALI YA PEMBENI

20. Nikifika Ulaya nizione wapi?

Kbely, ndani ya Praha, jumba la makumbusho la ndege lililofunguliwa 1968 kwenye uwanja wa ndege wa jeshi. Kuna jingine Kunovice, zilikozaliwa C-11. Nenda na kamera na upige vitu vya ajabu: ndani ya mlango wa tairi, chini ya bawa, tundu la moshi. Picha ya ndege nzima utaikuta popote.

21. Ni kweli L-29 imewahi kuruka na mafuta ya kupikia?

Karibu. Oktoba 2007, Reno, L-29 iliruka kwa dizeli ya mimea tupu, asilimia 100, jeti ya kwanza kufanya hivyo. Waliichagua L-29 kwa sababu ilitengenezwa kuvumilia aina nyingi za mafuta. Na kwenye mbio za jeti hapohapo Reno, L-29 iliyofungwa injini ya Viper imeshinda zaidi ya mara moja ikiendeshwa na Curt Brown, mwanaanga mstaafu. Viper hiyo ni injini ya familia ileile iliyokuwa kwenye prototaipu ya 1959, ndege imezunguka weee ikarudi ilikoanzia.

22. Mtu binafsi anaruhusiwa kumiliki?

Marekani ndiyo, zinasajiliwa kwenye kundi la ndege za majaribio na maonyesho, na wengi wanazima kile kiti cha kurusha rubani kwa sababu baruti zake zina tarehe ya mwisho na kuzibadilisha ni kazi. Kununua ndege sio gharama kubwa kama kuilisha. AI-25TL inakunywa mafuta usiku na mchana, Safír nayo inadai yake kabla hata hujaondoka kwenye maegesho.